Barua ya Wazi kwa Maadmini wa Makundi Yetu ya WhatsApp

Waheshimiwa maadmini,

Nawaandikia ninyi mnaosimamia makundi ya ukoo, ya mtaa, ya wahitimu, ya wazazi wa darasa la nne, ya kwaya, ya madrasa, na ya misiba ambayo marehemu wake walizikwa zamani lakini kundi bado lipo. Siiandikii kampuni iliyotengeneza programu hiyo, wala Mamlaka ya Mawasiliano, wala waziri. Hao wanaandikiwa kila siku. Ninyi hakuna anayewaandikia. Mnapigiwa simu tu mtu akitolewa.

Wengi wenu hamkukiomba cheo hiki. Usiku wa msiba mtu mmoja alisema, "Jamani, tufungue grupu," mwenye bando akafungua, na kuanzia hapo amekuwa kiongozi wa watu mia mbili, wakiwemo wajomba zake, mwalimu aliyemfundisha darasa la tatu, na mtu mmoja mwenye picha ya gari ambaye hakuna anayemjua. Hakuna kikao kilichomchagua na hakuna siku atakayomaliza kazi. Kwenye shughuli zetu nyingine, hata mtu wa kugawa pilau huteuliwa mbele za watu, na inajulikana nani atamuuliza sufuria zimekwenda wapi. Kwenye simu tumempa mtu watu mia mbili bila kumpa wa kumuuliza.

Nina jambo moja. Watu wetu walikuwa wakijua, muda mrefu kabla ya simu, namna ya kukusanyika wakaaminiana. Hawakujua kwa kuhubiriana "tuheshimiane," maneno ambayo sasa yamebandikwa kwenye maelezo ya kila kundi na hayasomwi. Walijua kwa utaratibu: nani anasema, nani anahesabu, nani anashika ufunguo, lini tunafunga hesabu. Tulipohamia kwenye simu tuliwabeba watu tukauacha utaratibu njiani. Ninawaomba mrudi kuuchukua.

Nianze na vifo, maana ndiko makundi mengi yalikozaliwa.

Waliokua wakisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka matangazo ya vifo. Alitangulia kutajwa anayetangaza, kwa jina na mahali anapoishi. Likafuata jina la marehemu, wanahusianaje, kifo kimetokea wapi, mazishi ni lini. Mwisho ikaja ile orodha: habari ziwafikie fulani wa Korogwe, fulani wa Tabora, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Asiye na subira aliona yanarefushwa bure. Lakini tangazo lile lilikuwa na mwenyewe. Kuna mtu alikwenda au alimtuma mtu, akaandika, akalipia, na jina lake likasomwa nchi nzima ikisikia. Hakuna aliyeweza kumzika mtu aliye hai kisha akajitetea kwamba naye alitumiwa tu. Na ile orodha ya mwisho ilimaanisha kuna aliyekaa chini akafikiria nani lazima ajue na nani atanung'unika asipotajwa.

Siku hizi saa mbili asubuhi inaingia picha ya mama wa watu ikiwa na mshumaa pembeni, na kabla chai haijapoa kuna "poleni" arobaini chini yake. Wakati huohuo mwanawe yuko ndani ya basi, ametoka Mbeya alfajiri, kaambiwa mama hali si nzuri, njoo. Mnaujua uongo huo. Familia zetu huupanga kwa huruma ili mtu asafiri salama, afike, ashikwe mkono, aketishwe, ndipo aambiwe na mtu anayestahili kumwambia. Ni kazi ya mashangazi na wazee, na inafanywa kwa ustadi. Mtu mmoja mwenye haraka ya kuwa wa kwanza kutuma pole huibomoa yote, na kijana anapata habari ya mama yake pale Mikumi, katikati ya abiria asiowajua, kutoka kundi la wahitimu wa kidato cha nne.

Ajali kubwa hufanya hali iwe mbaya zaidi. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, na zaidi ya watu 100 wakafariki, picha na video za pale zilisambaa siku ileile. Kila aliyezipokea alikuwa na sababu yake ya kuzipeleka mbele: tahadhari, huzuni, mshangao. Wengine hawakuwa na sababu yoyote zaidi ya kidole.

Tangu mwaka 2022 programu imewapa maadmini uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote, ukafutika kwa wote. Nimeuona uwezo huo ukitumika kufuta utani uliomlenga admini. Kuona ukifuta picha ya maiti, bado. Ninachoomba hapa hakihitaji katiba: kifo kitangazwe na mwenye msiba au mtu ambaye familia imemtaja, kwa jina lake. Kikitangazwa na mwingine kabla ya hapo, mfute ujumbe wake, mmpigie simu, mmweleze. Atanuna. Atapoa.

Wala msiseme watu hawazuiliki. Kampuni yenyewe iliwazuia. Mwaka 2019 ilipunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyasambazia ujumbe kwa mkupuo hadi matano, duniani kote. Aprili 2020, wakati kila kundi limejaa dawa za korona, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukazuiwa kwenda zaidi ya sehemu moja kwa wakati mmoja, na kampuni ikaeleza baadaye kwamba usambazaji wa jumbe za namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyefundishwa maadili hapo. Watu waliongezewa usumbufu kidogo tu, na wengi wakaona haina haja. Redio ilikuwa na usumbufu huo tangu zamani: nauli ya kwenda, foleni, fomu, ada, na jina lako.

Sasa fedha, ambako nitakaa kidogo.

Orodha mnaijua. Inanakiliwa, kila mtu anaongeza jina lake, inabandikwa tena: namba moja, Baba fulani, laki moja, tiki ya kijani. Namba mbili, elfu hamsini, tiki. Inashuka hadi kwenye ahadi zisizo na tiki, na chini kabisa majina ambayo mwekahazina ameyaandika mwenyewe, mbele yake kistari na nafasi wazi. Kila asubuhi inarudi. "Wapendwa, tukumbushane." Ndugu aliyeko Muscat au Leicester ndiye huandikwa mapema kuliko wote, na wakati mwingine ameshawekewa na kiwango. Watu wa kwenye kundi huisoma orodha hiyo kuanzia chini kwenda juu, na huko chini ndiko alipo mama mjane anayeuza vitumbua, ambaye alikuja msibani tangu siku ya kwanza, akaosha vyombo hadi siku ya kuondoa tanga. Hilo halina safu kwenye orodha.

Msibani kwenyewe mambo hayakuwa hivyo. Kulikuwa na meza, daftari na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka. Unakuja, unampa mkono, unaweka ulicho nacho, anaandika. Daftari linakwenda ndani kwa wafiwa. Wao ndio wataliangalia baadaye, zamu yako ikifika, wajue wakurudishie nini. Kila kitu kimeandikwa, hakuna kilichopotea, na bado jirani aliyekaa kwenye mkeka hajui umetoa elfu mbili. Kwa hiyo anayesema orodha ya hadharani ni desturi yetu anasema uongo. Desturi yetu ilikuwa daftari, na daftari lilikuwa na msomaji wake.

Nasikia mtakalojibu: tukificha, watu wataiba. Ni kweli, na wapo walioiba. Ila tazameni nani anayefichuliwa na nani anayefichwa katika mtindo wetu wa sasa. Mtoaji wa elfu mbili ameanikwa. Mpokeaji wa milioni tatu hajaanikwa. Fedha zimetumwa kwenye namba yake binafsi, "pamoja na ya kutolea," zimechanganyika na salio lake, na akiulizwa baki ni shilingi ngapi anajibu kwa swali: "Kwani unaniona mimi mwizi?" Basi yameisha. Aliyeuliza amekuwa mbaya, na wote waliokuwa na swali hilohilo wametazama pembeni.

Hapa ndipo ninapotaka mkumbuke sanduku la kikoba. Wengi wenu mna mama, dada au mke kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Baadhi yenu ni wanachama. Mtindo wa vikundi hivyo, kwa sura tunayoijua leo, ulianzia Maradi nchini Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukaenea Afrika na kufika kwetu. Wanawake ambao wengi hawakusoma walipewa sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Sanduku anakaa nalo mtu mmoja. Funguo wanazo watatu wengine, na hao si viongozi. Haliwezi kufunguliwa usiku na mtu mwenye shida. Litafunguliwa siku ya kikao, mbele ya wote. Fedha zinahesabiwa kwa sauti na watu wawili. Kabla ya kuagana, salio linatangazwa na kila mtu anatakiwa alishike kichwani, na kikao kijacho kinaanza kwa kuwauliza wanachama, kabla sanduku halijafunguliwa, tuliacha shilingi ngapi?

Hiyo ni hekima ambayo makundi yetu ya simu hayana. Katika kikao kile anayeuliza hahitaji ujasiri. Swali limekwishawekwa kwenye ajenda, linaulizwa kila wiki, hata fedha zikiwa sawasawa, hata mwekahazina akiwa mtakatifu. Hakuna anayeshukiwa kwa kuwa wote wanaulizwa. Binti mdogo kuliko wote anaweza kusema "hapana, zilikuwa elfu arobaini na tatu," na hakuna atakayemwambia ana dharau.

Basi fanyeni hivi. Anayeshika fedha asiwe admini. Wawepo wawili wengine wanaouona kila muamala, na majina yao yajulikane. Siku moja ya wiki, ileile kila wiki, mwekahazina aandike mistari mitatu: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi na kwa nini, zimebaki ngapi. Aandike bila kuombwa. Mtoaji apewe risiti yake pembeni, kwenye namba yake. Mkitaka kushukuru hadharani, shukuruni kwa majina bila viwango, kwa mpangilio wa alfabeti, na mwosha vyombo awemo. Kama kundi ni la kudumu, kuna huduma za simu zilizotengenezwa kwa vikundi. M-Koba, iliyokuja mwaka 2019, ni mfano, ambapo kutoa fedha kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Ni zile kufuli tatu, zimeingia kwenye simu. Tunazo, tumeendelea kutumia namba ya shemeji.

Kama mnadhani haya ya kuficha viwango ni unyeti wangu tu, someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Miamala ya fedha ya mtu imo katika taarifa ambazo sheria hiyo inaziita nyeti. Taarifa za watoto zimo pia. Sina nia ya kumpeleka mtu mahakamani kwa orodha ya mchango wa harusi. Nasema tu kwamba hata bunge limeliona ambalo bibi zetu walikuwa wakilijua walipokunja noti ndani ya kiganja.

Nimetaja watoto. Maadmini wa makundi ya wazazi, Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa. Sijui kama mlisikia, kwa sababu matokeo ya darasa zima, jina na nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, yanaendelea kuwekwa kwenye makundi yenu kila mwisho wa muhula, na mzazi wa mtoto wa arobaini na nane anapokea makopa ya kumpongeza mzazi wa mtoto wa kwanza. Mwalimu amtumie kila mzazi matokeo ya mwanawe. Ni kazi zaidi, najua. Ni kazi yake.

Na picha za wagonjwa. Mnaziweka ili watu waguswe wachange: mtu na mipira puani, shuka imeteremka, macho hayajitambui. Wengine kati ya hao wanapona, jamani. Wanarudi nyumbani, wanashika simu, wanaanza kusoma kundi tangu siku walipozimia.

Kuhusu siasa, dini za watu na wauza sabuni ya kuondoa madoa, sina la kuongeza. Kila kundi lina wake na mnawajua kwa majina. Nitasema tu juu ya hofu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, na baadhi yenu mmeisikia mkaamua kufunga kila mdomo: "Admini pekee ndiye anayeweza kutuma." Naelewa. Lakini kundi la ukoo ambalo ndugu hawezi kuandika kitu limekuwa ubao wa matangazo wa serikali ya kijiji, na mtu mwenye shida ya usiku atabaki nayo. Ogopeni uongo mmojammoja, kwa kuufuatilia unapotokea: nani kasema, umeona wewe, namba ya hospitali iko wapi tupige. Maswali hayo hayafungi mtu jela.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi ya wauza sabuni, nalo ni namna tunavyowasoma waliokaa kimya. "Aliyenyamaza amekubali," anaandika katibu wa kamati saa tano usiku, na kiwango cha mchango kimepanda mara mbili. Mtu mwenye bando la siku moja kwa wiki hajanyamaza, hayupo. Mzee asiyesoma maandishi madogo anasubiri mjukuu. Mwingine ameona, tiki zimekuwa za bluu, na hajui aseme nini mbele ya watu mia mbili ambao nusu yao wanamdai heshima. Katika vikao vya ukoo mwenyekiti mzuri alikuwa anageuka upande wa mkekani anauliza, "Na nyie mama zetu?" Kugeuka huko kwenye simu ni kupiga simu tatu kabla ya kuandika kwamba tumekubaliana. Kundi moja sasa linaweza kubeba watu 1,024. Kikoba kina watu 15, wakizidi sana 30, na waliokipanga hivyo walijua ni uso wa watu wangapi mtu anaweza kuukumbuka.

Mtu akitaka kuondoka, aondoke. Tangu 2022 mtu anaweza kujitoa na wakajua maadmini pekee, lakini bado kuna admini anayekimbilia kutangaza: "Fulani amekula lefti, kama kuna aliyemkosea aseme." Kumbe mtu simu yake imejaa. Na kinyume chake: msimtoe mtu peke yenu. Kumtoa shangazi kwenye kundi la ukoo ni neno zito, linahitaji wazee wawili na siku ya kulala juu yake, hata kama kidole kingelimaliza mara moja. Aliyetolewa ajue ni kwa nini na ajue atamwendea nani kuomba arudishwe.

La mwisho ni makundi yafe. Kikoba kina mzunguko. Mwaka ukiisha, sanduku linamwagwa mezani, kila mtu anapewa chake, deni linafungwa, na anayetaka kuendelea anajiandikisha upya kwa mzunguko mwingine. Kila mwaka watu wanachagua tena kuwa pamoja. Sisi tuna kundi la msiba wa mzee, likageuka la harusi ya mjukuu wake, likabadilishwa jina likawa la familia, sasa lina matangazo ya viwanja Kigamboni, na rambirambi za mzee yule hazijawahi kufungwa hesabu. Likipita tanga, au arobaini kwa wanaofanya arobaini, wekeni hesabu ya mwisho, washukuruni watu, mkabidhi kilichobaki kwa wafiwa, mlifunge. Wanaotaka kuendelea kuonana watafungua jingine, na safari hii wataulizana nani awe admini.

Mkiyakubali haya, anzeni na ile mistari mitatu ya mwekahazina Ijumaa hii; hayo mengine yanaweza kungoja kikao. Mkiyakataa, niandikieni sababu. Niandikieni kwa maandishi, tafadhali. Voisi noti ya dakika nane nitaisikiliza nikipata bando.

Wenu,
Mwanakundi, ambaye bado hajalefti